Sindano ya Ganzi: Namna Inavyozuia Maumivu ya Jino na Masharti ya Usalama Wake

Maumivu ya jino ni miongoni mwa maumivu yasiyomruhusu mtu kulala, kula wala kufanya kazi. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 ni sehemu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, mkulima wa ngano wa Basotu au mfugaji wa Yaeda Chini aghalabu huvumilia jino bovu kwa majuma mengi kabla ya kuamua kufunga safari. Mbali ndiko iliko tiba, iwe ni Mbulu mjini, iwe ni Katesh chini ya Mlima Hanang, au iwe ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iliyoanza kazi mwaka 1955. Nauli ni ghali, na mifugo na shamba haviwezi kuachwa hivi hivi. Matokeo yake ni kwamba wagonjwa wengi humfikia mganga wa meno wakati taya limekwisha kuvimba na usaha umekwisha kujikusanya.

Wakati huo ndipo jambo la kutatanisha hutokea. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, husubiri, na jino linapoguswa huruka kwa maumivu. Mgonjwa husema dawa ni mbovu, au kwamba mganga amembania. Mganga naye hushawishika kuongeza sindano ya pili, ya tatu na ya nne. Fikira ya mgonjwa aghalabu si sahihi, na tendo la mganga laweza kuwa la hatari. Makala haya yanakusudia kueleza namna dawa ya ganzi inavyofanya kazi, kwa kuwa mtu aliyeuelewa utendaji wake huelewa pia kwa nini wakati mwingine hushindwa, na kwa nini kipimo chake hakiongezwi kiholela.

ASILI YA DAWA YA GANZI

Kabla ya karne ya 19 kwisha, jino liling'olewa kwa nguvu za mikono na uvumilivu wa mgonjwa. Wenyeji wa milima ya Peru na nchi jirani walikuwa wamejua kwa muda mrefu kwamba majani ya mkoka yakitafunwa huutia ulimi ganzi. Mwaka 1860 mkemia Mjerumani Albert Niemann alifaulu kuitenga kemikali iliyomo ndani ya majani hayo, akaipa jina la kokeini. Mwaka 1884 daktari Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba matone machache ya kokeini huliondolea jicho maumivu wakati wa upasuaji. Katika muda usiozidi miezi michache, daktari Mmarekani William Halsted alikuwa amekwisha kuichoma karibu na neva ya taya la chini, na hivyo kuweka msingi wa sindano inayotumika hata leo.

Hata hivyo kokeini ilikuwa na madhara makubwa. Iliwafanya watu kuwa watumwa wake, Halsted mwenyewe akiwa mmoja wao, na iliweza kuudhuru moyo. Wataalamu walitafuta dawa nyingine yenye manufaa hayo bila ya madhara hayo. Mjerumani Alfred Einhorn aliunda prokeini mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1943 Wasweden Nils Löfgren na Bengt Lundqvist waliunda lignokeini, ambayo huitwa pia lidokeini, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Dawa hii hushika upesi zaidi, na ni mara chache sana kumdhuru mtu kwa mzio. Ndiyo inayopatikana kwa wingi katika vyumba vya meno vya Tanzania.

NEVA HUPITISHAJE HABARI YA MAUMIVU

Jino si mfupa mtupu. Katikati yake mna uwazi wenye nyama laini, mishipa ya damu na nyuzi za neva. Nyuzi hizo hutoka kwenye ncha ya mzizi, zikaungana na neva kubwa zaidi ya taya, na hatimaye kufika kwenye ubongo. Jino huumia kwenye taya, lakini mtu hulitambua umivu hilo kwa ubongo. Habari isipofika kwenye ubongo, hakuna maumivu.

Habari hiyo husafiri kwa njia ya umeme mdogo sana. Kila uzi wa neva umezungukwa na utando mwembamba uliotengenezwa kwa mafuta. Nje ya utando huo kuna chembe nyingi za sodiamu zenye chaji ya umeme, na ndani zimo chache tu. Utando una vijilango vingi vya sodiamu ambavyo, neva inapokuwa imetulia, hufungwa. Jino linapoguswa na kitu chenye kuumiza, vijilango vya sehemu moja hufunguka na sodiamu huingia ndani kwa kasi. Kuingia huko hubadili hali ya umeme ya mahali hapo, na badiliko hilo huvifungua vijilango vinavyofuata, navyo huvifungua vya mbele yake. Habari husonga hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa safari. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza utaratibu huu kwa hesabu kamili mwaka 1952, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

KOMEO LINALOFUNGWA KUTOKA NDANI

Kazi ya dawa ya ganzi ni kuvizuia vijilango hivyo visifunguke. Sodiamu ikikosa kuingia, habari hukomea hapo, kama vile mjumbe aliyekuta daraja limekatika. Jino laweza kukatwa au kuvutwa, lakini ubongo hauna habari. Dawa haimlazi mgonjwa usingizi, wala haimpotezei fahamu. Katika jambo hili ganzi ni tofauti na nusukaputi.

Liko jambo moja ambalo msomaji hana budi kulishika vema, kwa kuwa mengi yatakayofuata hulitegemea. Dawa huviziba vijilango kutoka upande wa ndani wa neva, kama vile komeo la mlango lifungwavyo na mtu aliyemo nyumbani. Kwa hiyo ni lazima kwanza dawa iupenye utando wa mafuta na kuingia ndani. Lignokeini huwa katika hali mbili kwa wakati mmoja. Baadhi ya chembe zake hazina chaji ya umeme, na nyingine zina chaji. Zisizo na chaji huyeyuka katika mafuta na kuupenya utando. Zenye chaji haziwezi kupenya, lakini ndizo zinazoweza kukaa kwenye kijilango na kukiziba. Chembe isiyo na chaji huingia, na ikiisha kuingia hupokea chaji na kuwa komeo.

Uwiano wa hali hizo mbili hutegemea kiasi cha asidi kilichopo mahali pale. Katika mwili wenye afya, ambamo kipimo cha pH ni 7.4, takriban chembe 24 katika kila 100 za lignokeini hazina chaji, na hizo zinatosha kuifanya kazi. Hata hivyo huchukua muda kuingia. Kwa sababu hiyo mganga huchoma sindano, kisha akamwacha mgonjwa akae dakika kadhaa. Kusubiri huko si uzembe wa mganga, bali ni muda ambao dawa inauhitaji.

Tena, nyuzi nyembamba za neva, zile zinazochukua habari za maumivu na za joto au baridi, hushikwa na ganzi kabla ya nyuzi nene zinazochukua habari za kuguswa na kusukumwa. Hii ndiyo sababu mgonjwa hueleza kwamba alisikia jino likivutwa na taya likisukumwa, ilhali hakuumia. Mgonjwa aelezwe jambo hili mapema, ili asidhani kwamba kila msukumo ni dalili ya kushindwa kwa dawa.

KWA NINI JINO LENYE USAHA HULIKATAA GANZI

Sasa fumbo lililotajwa mwanzoni laweza kufumbuliwa. Mahali penye uvimbe na usaha pana asidi nyingi zaidi. Kipimo cha pH kikishuka kutoka 7.4 hadi 6.4, chembe za lignokeini zisizo na chaji hupungua kutoka takriban 24 hadi takriban 3 tu katika kila 100. Dawa ile ile, kutoka kichupa kile kile, iliyochomwa kwa mkono ule ule, hubaki nje ya neva bila ya kuingia. Zaidi ya hayo, mishipa ya damu ya mahali palipovimba hupanuka na kuizoa dawa upesi, na neva zenyewe huwa zimechokozeka kuliko kawaida.

Basi, mgonjwa aliyekawia majuma matatu amekuja na jino ambalo kikemia ni gumu kutiwa ganzi. Kuongeza dawa mahali pale pale hakusaidii sana, na kuingiza sindano katikati ya usaha kwaweza kueneza vijidudu. Lililo sahihi ni kuichoma neva mbali na uvimbe, mahali ambapo nyama bado ni nzima. Katika taya la chini, neva inayohudumia meno ya upande mmoja huingia mfupani upande wa ndani wa taya, nyuma ya magego. Sindano ikifika hapo, meno yote ya upande huo pamoja na nusu ya mdomo wa chini hupata ganzi. Katika taya la juu mfupa ni mwembamba na wenye vitundu, hivyo dawa iliyochomwa karibu na mzizi hupenya yenyewe. Ikiwa hapo pana uvimbe, mganga hutafuta neva iliyo nyuma au mbele yake.

Pengine hata hilo halitoshi. Hapo mganga mwenye busara hupasua jipu na kuutoa usaha, humpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu iwapo maambukizo yanaenea au ana homa, na humpangia siku nyingine ya kung'oa. Kurudishwa nyumbani kwa namna hii si kunyimwa tiba. Ila mgonjwa ambaye uvimbe umeshuka chini ya kidevu na shingoni, au ambaye hawezi kumeza mate, kufunua kinywa au kupumua vema, asirudishwe nyumbani hata kidogo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana njia yake ya pumzi iko hatarini.

KAZI YA ADRENALINI

Lignokeini hupanua mishipa ya damu. Ikiwa peke yake, damu huizoa upesi, na ganzi ndani ya jino hudumu kwa dakika chache tu. Kwa sababu hiyo vichupa vingi vya meno huchanganywa na adrenalini kidogo sana, kama gramu 1 katika mililita 80,000 au 100,000. Adrenalini huibana mishipa ya damu, na faida zake ni tatu: ganzi ya jino hudumu kwa muda wa saa moja hivi, damu hupungua kuvuja, na dawa huingia mwilini polepole.

Hata hivyo adrenalini huufanya moyo upige kwa kasi. Mtu mwenye maradhi ya moyo, mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa, au mwenye rovu linalomtetemesha na kumkondesha, hana budi kulitaja hilo kabla ya kuchomwa. Hakatazwi tiba, bali kipimo chake hupunguzwa au dawa isiyo na adrenalini hutumiwa. Mama mjamzito naye aseme hali yake. Lignokeini yaweza kutumiwa kwake, na katika miezi ya mwisho asilazwe chali kabisa bali ainuliwe kidogo upande wa kulia, ili mtoto asiubane mshipa mkubwa wa damu.

Isitoshe, adrenalini huharibiwa na joto na mwanga. Nyanda za juu za Mbulu zina ubaridi, lakini sanduku la dawa lililoachwa juani ndani ya gari laweza kufika na vichupa vilivyokwisha kupoteza nguvu. Dawa iliyobadilika rangi isitumike.

HESABU YA KIPIMO

Dawa ya ganzi haibaki kinywani daima. Hatimaye huingia katika damu, nayo huvunjwavunjwa na ini. Ikiwa nyingi kupita kiasi, huanza kuvifunga vijilango vya sodiamu vya ubongo na vya moyo, kama ilivyovifunga vya jino. Kwa hiyo kipimo hufuata uzito wa mgonjwa. Kwa lignokeini isiyo na adrenalini, wataalamu wengi huweka ukomo wa miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, na jumla isizidi miligramu 300. Ikiwa na adrenalini, ukomo kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 7 kwa kilo, na jumla isizidi miligramu 500. Kwa watoto, wengi hufuata ukomo ule wa chini hata kama dawa ina adrenalini.

Lebo husema asilimia 2. Maana yake ni kwamba kila mililita moja ina miligramu 20. Kichupa cha meno cha mililita 1.8 basi kina miligramu 36. Chukua mfano wa mtu mzima mwenye kilo 60, anayepewa dawa isiyo na adrenalini:

60 × 4.4 = miligramu 264, yaani vichupa 7 na kidogo.

Chukua sasa mfano wa mtoto mwenye kilo 15:

15 × 4.4 = miligramu 66, yaani mililita 3.3.

Vichupa viwili kamili vina miligramu 72. Mtoto huyo amevuka ukomo kabla ya kichupa cha pili kwisha. Zahanati nyingine hazina vichupa vya meno, bali hutumia chupa kubwa na bomba la kawaida la mililita 5. Bomba hilo likijazwa lina miligramu 100, ambazo ni mara moja na nusu ya ukomo wa mtoto huyu. Mkono uliozoea kulijaza bomba kwa ajili ya mtu mzima waweza kumdhuru mtoto bila ya kukusudia. Kwa hiyo mtoto apimwe uzito kwanza, hesabu iandikwe, na kila sindano iliyotolewa ihesabiwe pamoja na zilizotangulia. Mzee dhaifu na mtu mwenye maradhi ya ini nao hupewa pungufu.

Hatari ya pili ni dawa kuingia moja kwa moja ndani ya mshipa wa damu. Hapo hata kipimo halali kwaweza kudhuru, kwa kuwa chote hufika kwenye ubongo kwa pamoja. Kinga yake ni nyepesi. Kabla ya kusukuma dawa, mganga huvuta nyuma kidogo kitia cha bomba na kutazama. Damu ikionekana, ncha ya sindano imo ndani ya mshipa, naye huihamisha. Kisha husukuma taratibu, kichupa kimoja kwa muda usiopungua dakika moja.

DALILI ZA HATARI NA LUGHA YA MGONJWA

Dawa inapozidi katika damu, mwili hutoa onyo. Mgonjwa husikia masikio yakivuma, huhisi ladha ya chuma ulimini, midomo yote hufa ganzi pande zote mbili, na huingiwa na kizunguzungu au wasiwasi. Kisha hutetemeka, huropoka, na huweza kupatwa na mtukutiko kama wa kifafa. Mwisho wake ni kupoteza fahamu, pumzi kukoma na moyo kusimama.

Msomaji atazame jambo moja katika orodha hiyo. Maonyo ya mwanzo hayaonekani kwa macho. Mvumo wa masikio na ladha ya chuma huvijua mgonjwa peke yake, na mganga huvijua kwa kuambiwa tu. Hapa wilaya za Mbulu na Hanang zina hali ya pekee. Humu hukutana lugha zisizo na undugu wowote unaosikika: Kiiraqw ambacho ni cha Kikushi, Kidatoga ambacho ni cha Kinailoti, lugha za Kibantu kikiwemo Kiswahili chenyewe, na Kihadza chenye sauti za vidoko. Bibi wa Kidatoga asiyejua Kiswahili, akiwa amefunua kinywa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, hatasema kwamba masikio yanavuma. Atanyamaza kwa adabu na kwa hofu.

Kwa hiyo mkalimani si mapambo ya chumba cha meno. Ndugu aliyemsindikiza mgonjwa aitwe ndani, akae anapoonekana, na mgonjwa aelezwe kabla ya sindano ni mambo gani ayataje na kwa ishara gani, kwa mfano kuinua mkono. Kila baada ya sindano aulizwe kwa heshima: "Shikamoo bibi, masikio yanavuma? Ulimi una ladha ya chuma?" Swali hilo halina gharama yoyote, nalo ndicho chombo cha kwanza cha usalama.

Dalili zikitokea, mganga huacha kuchoma mara moja, humlaza mgonjwa, huifungua njia ya pumzi, humpa oksijeni na kumsaidia kupumua ikilazimu, huutuliza mtukutiko kwa diazepamu, na huita msaada. Katika hospitali kubwa kuna pia mmiminiko wa mafuta wa asilimia 20 utiwao kwenye mshipa. Msomaji akumbuke kwamba dawa ya ganzi hupenda mafuta. Mafuta hayo huinyonya kutoka katika damu na kuupunguzia moyo mzigo.

Yasichanganywe haya na kuzimia kwa kawaida, ambako ndiko hutokea mara nyingi zaidi. Mtu aliyesafiri tangu alfajiri bila ya kula, akaiona sindano, huweza kutoka jasho, kupauka na kuanguka. Huyu hulazwa chali, miguu ikainuliwa, na kwa kawaida huzinduka katika muda mfupi. Afadhali mgonjwa ale chakula chepesi kabla ya kwenda kung'olewa jino kwa ganzi. Wala asinywe pombe ili kujipa ushujaa. Pombe haiongezi nguvu ya ganzi, nayo huficha zile dalili za mwanzo, kwa maana mlevi naye huropoka na kuona kizunguzungu.

USAFI WA SINDANO

Kule kuvuta kitia nyuma kuna maana nyingine pia. Damu ya mgonjwa, hata ikiwa chache isiyoonekana, huweza kuingia ndani ya kichupa. Kwa hiyo kichupa kilichotumiwa kwa mgonjwa mmoja kisitumiwe kwa mwingine, hata kama kimebakiza nusu, na hata kama sindano imebadilishwa. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini vyaweza kupita kwa njia hiyo. Mgonjwa ana haki ya kuona sindano mpya ikifunguliwa na kichupa kipya kikitiwa.

WATOTO WACHANGA NA "MENO YA PLASTIKI"

Katika miaka ya 1980 ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania imani ya kwamba homa na kuharisha kwa watoto wachanga husababishwa na "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni". Watu wenye imani hiyo humpeleka mtoto kwa fundi, naye huichimba fizi kwa kisu, kijiti cha baiskeli au msumari, bila ya ganzi, na kutoa vitu vyeupe laini. Vitu hivyo si ugonjwa. Ni vichipukizi vya meno ya utotoni ambavyo bado havijakomaa. Mtoto huweza kuvuja damu sana, kupata pepopunda au sumu ya damu, na hata akipona, jino la ukubwani lililo chini yake huweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. Wakati huo huo homa yenyewe, ambayo pengine ni malaria, au kuharisha kunakoukausha mwili, huendelea bila ya kutibiwa.

Wako wanaodhani kwamba kosa la fundi ni kukosa ganzi, na kwamba kazi hiyo ingefanywa kwa ganzi ingekuwa salama. Sivyo. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi madhara ya kitendo kisichofaa. Isitoshe, mtoto mchanga ana uzito mdogo, na ukomo wake wa dawa hufikiwa kwa matone. Vilevile, malai ya ganzi ya kupaka kwenye fizi zenye benzokeini isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili. Kemikali hiyo huweza kuifanya damu ishindwe kuchukua oksijeni, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake. Mtoto mwenye homa au anayeharisha apelekwe zahanati.

BAADA YA SINDANO

Ganzi ya ndani ya jino huisha kwanza, lakini mdomo, shavu na ulimi hubaki vimekufa ganzi kwa saa 3 hadi 5. Katika muda huo mtu huweza kujiuma au kujiunguza bila ya kujua. Mtoto hasa hupenda kuutafuna mdomo wake kwa kuuona kama kitu kigeni, na jioni mama huukuta umevimba na kuchubuka. Kwa hiyo mgonjwa asile, asinywe chai wala uji wa moto mpaka hisia zirudi, na mtoto aangaliwe. Aume pamba iliyowekwa penye pengo kwa nusu saa, asisukutue siku hiyo, na ameze dawa ya maumivu aliyopewa kabla ya ganzi kwisha kabisa.

HITIMISHO

Dawa ya ganzi ni komeo lifungwalo kutoka ndani ya neva. Kutokana na jambo hilo moja hutokea mengine yote. Kwa kuwa yapaswa kwanza kuingia, huhitaji muda. Kwa kuwa asidi huizuia isiingie, jino lenye usaha huikataa. Na kwa kuwa ubongo na moyo vina vijilango vile vile, kipimo chake kina ukomo. Kwa mkazi wa Mbulu au Hanang, kinga iliyo kubwa zaidi imo mikononi mwake mwenyewe: kwenda kutibiwa mapema, wakati jino linapoanza kusumbua kwa baridi na vitu vitamu, kabla usaha haujaingia. Siku hiyo dawa kidogo itatosha, na pengine jino lenyewe litazibwa badala ya kung'olewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini chembe za dawa zenye chaji haziwezi kufanya kazi zikibaki nje ya neva.

2. Mtoto ana kilo 20. Kwa ukomo wa miligramu 4.4 kwa kilo, ni mililita ngapi za lignokeini ya asilimia 2 zisizovukwa? (Jibu: 4.4)

3. Mgonjwa analalamika kwamba anasikia jino likisukumwa lakini haumii. Je, ganzi imeshika? Toa sababu.

4. Taja dalili mbili za mwanzo za dawa kuzidi mwilini ambazo mganga hawezi kuzijua bila ya kumwuliza mgonjwa.